Kujivunja au kuijua nafasi yako: njia mbili za unyenyekevu wa Kiyahudi, na ipi ikufae

Biblia ya Kiswahili, Hesabu 12:3, inamwita Musa "mpole sana zaidi ya wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi." Kwa Kiebrania neno lililoandikwa pale ni anav, na sifa yenyewe huitwa anava, yaani unyenyekevu. Kwa miaka mingi nilipousoma mstari huo nilimwona mzee wa sauti ya chini, macho ardhini. Lakini Musa huyohuyo alimkabili Farao uso kwa uso, akazivunja mbao za mawe chini ya mlima, akaisaga ile ndama ya dhahabu ikawa unga na kuwanywesha watu. Upole wa namna gani huo?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa walimu wa Kiyahudi, na kwao sikukuta jibu moja. Nilikuta njia mbili kubwa, kila moja na marabi wake, vyuo vyake na mazoezi yake, na zinapishana kiasi kwamba ukishika isiyo yako utajiumiza. Ya kwanza inakuambia ujivunje, ushuke mpaka chini kabisa. Ya pili inakuambia uijue nafasi yako na uikae yote, bila kumega ya mwenzako. Naziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya anayetafuta pa kuanzia, na sitaficha ninakoegemea.

Ubishi wenyewe ni wa kale. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, Sotah 5a, inatajwa kauli ya rabi aitwaye Rav kwamba mwanachuoni anapaswa kuwa na kiburi kiasi cha moja ya nane ya moja ya nane. Piga hesabu: 1/64. Mwingine akaongeza kwamba kipande hicho humpamba kama ndevu zinavyolipamba suke la ngano. Rabi mwingine, Rava, akasema aliye nacho anastahili kutengwa, na asiye nacho anastahili kutengwa vilevile. Ndipo Rav Nachman bar Yitzchak akakataa katakata: asiwe nacho, wala hata sehemu yake. Wanachuoni wazima walikaa wakabishania 1/64, na ukurasa ukafungwa hawajaafikiana.

Kushuka mpaka chini

Mwalimu mkubwa wa njia ya kwanza ni Moshe ben Maimon, ambaye Wayahudi humwita Rambam, mzaliwa wa Córdoba huko Hispania, aliyefariki Misri mwaka 1204. Kinachoshangaza ni kwamba Rambam ni mtu wa wastani karibu katika kila tabia. Ukarimu kwake uko katikati ya uchoyo na ubadhirifu, ushujaa uko katikati ya woga na ukichaa. Akifika kwenye kiburi anaiacha kanuni yake. Katika sheria zake za tabia, Hilkhot De'ot 2:3, anasema hapa wastani hautoshi: haifai mtu awe mnyenyekevu tu, roho yake na iwe chini sana. Anaitegemea kauli ya Rabi Levitas wa Yavne katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya marabi, Avot 4:4: uwe mnyenyekevu wa roho sana, sana, kwa maana tarajio la mwanadamu ni funza. Tazama lile "sana" la pili. Rambam alilichukua kwa uzito wote.

Akiifafanua kauli hiyo, anasimulia kisa alichokikuta katika kitabu cha maadili. Mchamungu mmoja aliulizwa: siku gani ulifurahi kuliko zote maishani mwako? Akajibu kwamba alikuwa safarini baharini, amelala mahali pa chini kuliko pote chomboni, amevaa matambara. Ndani ya chombo walikuwamo wafanyabiashara na matajiri. Mmoja wao akainuka kwenda haja ndogo, na kwa jinsi alivyomdharau yule aliyelala pale, akajifunua akamkojolea. Mchamungu akastaajabu kwa ule ufedhuli. Kisha akaitazama nafsi yake, akakuta haikuumia hata kidogo, na hapo ndipo alipofurahi furaha asiyowahi kuijua.

Nimekirudia kisa hicho mara nyingi na bado kinanikwaza. Lakini ni vema kujua nani anakisimulia. Rambam hakuwa mtu wa kunyanyaswa: alikuwa kiongozi wa Wayahudi wa Misri na tabibu wa watu wa ikulu, akiombwa fatwa kutoka nchi nyingi. Wala hakuwa mgeni wa machungu ya bahari. Mdogo wake, David, mfanyabiashara wa vito, alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hiihii inayopiga kuta zetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, na Rambam akaugua kitandani karibu mwaka mzima kwa huzuni. Mtu kama huyo, akitafuta dawa ya nafsi inayosifiwa asubuhi na jioni, ndiye aliyekishika kisa cha mtu aliyelala kwenye matambara.

Karne saba baadaye dawa hiyo ikafanywa mtaala. Katika karne ya 19, huko Lithuania, Rabi Israel Salanter alianzisha mwamko wa musar, elimu ya kuitengeneza tabia kwa mazoezi kama fundi anavyoupiga randa mbao. Mwanafunzi wa njia yake, Yosef Yozel Horowitz, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kuacha yote, alifungua chuo katika mji wa Novardok, ambao leo uko Belarus. Watu walimwita Mzee wa Novardok. Wanafunzi wake walivaa nguo chakavu kwa kukusudia. Walipewa "vitendo": kijana anaingia duka la dawa, anasubiri zamu yake, kisha anamwomba muuza dawa misumari. Watu wanageuka, wanacheka, wengine wanamwona punguani. Yeye anashukuru na kutoka. Kesho anarudia kwingine.

Ukiwaona kwa mbali unadhani ni wendawazimu. Ukiwasogelea unaelewa walichokuwa wakikikata: ile kamba inayotufunga kwenye macho ya watu. Aliyekwisha kuomba misumari kwenye duka la dawa mara ishirini hatishwi tena na "watasemaje." Na hawakuishia kwenye maonyesho. Wakati wa homa ya taifasi huko Kiev, Horowitz aliwauguza wanafunzi wake mpaka ikampata yeye, akafa mwaka 1919.

Kuikaa nafasi yako

Njia ya pili inaanza na mtu anayeoga. Kisa kiko katika Talmudi, Shabbat 30b hadi 31a. Watu wawili waliwekeana dau la zuz 400, sarafu za fedha za zamani: nani ataweza kumkasirisha Hillel, mwalimu mashuhuri wa kale. Ilikuwa Ijumaa, jua linaelekea kuzama, Hillel anaosha kichwa kwa ajili ya Sabato. Mmoja wao akapita mlangoni akipaza sauti: "Nani hapa ni Hillel? Nani hapa ni Hillel?" Hakuna "rabi," hakuna "mzee wetu." Hillel akajifunga nguo akatoka. "Mwanangu, unataka nini?" Nina swali. "Uliza, mwanangu, uliza." Kwa nini vichwa vya Wababeli ni vya mviringo? Hillel mwenyewe alitoka Babeli, kwa hiyo tusi lilikuwa wazi. "Mwanangu, umeuliza swali kubwa," akasema, akamjibu: kwa sababu hawana wakunga mahiri. Yule akaenda, akangoja, akarudi tena, na mara ya tatu tena, kila mara na swali la kipuuzi, na kila mara Hillel akajifunga nguo na kutoka.

Mwishoni yule mtu akalipuka: kama wewe ndiwe Hillel anayeitwa mkuu wa Israeli, wasizidi watu wa aina yako! Kwa nini, mwanangu? Kwa sababu umenipotezea zuz 400. Hapo Hillel akajibu kwa maneno ambayo wasomaji wengi huyapita haraka: jihadhari na roho yako, Hillel anastahili wewe upoteze zuz 400 na nyingine 400 kwa ajili yake, na Hillel asikasirike.

Hillel anastahili! Mtu anayetajwa kama kielelezo cha unyenyekevu anajitaja kwa jina na kusema thamani yake, bila haya na bila majivuno. Mchamungu wa chomboni asingeweza kuisema sentensi hiyo. Hillel huyohuyo, katika Vayikra Rabba 34:3, mkusanyo wa mafunzo ya marabi juu ya kitabu cha Walawi, anawaambia wanafunzi wake kwamba kwenda kuoga ni amri ya dini: ikiwa sanamu za mfalme zinaoshwa na kusuguliwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, je, si zaidi mimi niliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Chuo kilichoijenga njia hii ni Slabodka, kitongoji cha Kaunas, Lithuania, chini ya Nosson Tzvi Finkel (1849–1927), Mzee wa Slabodka. Somo lake kuu liliitwa gadlut ha-adam, ukuu wa mwanadamu. Vijana wa Slabodka walivaa suti safi na kofia zilizonyooka, kwa kukusudia uleule ambao wenzao wa Novardok waliyavalia matambara. Hoja ya Finkel ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuiishi: anayejua kwamba yeye ni sura ya Mungu hatajishusha kwenye wivu na uongo, na anayejua kwamba mwenzake ni sura ileile hatamkanyaga. Kiburi kinatokana na kujiona mdogo, kisha kuhangaika kuliziba pengo.

Na yeye mwenyewe? Cheo cha mkuu wa chuo kilishikwa na wengine, wakati yeye alikaa nyuma akiwasoma vijana mmoja mmoja. Kati ya vijana hao alitoka Aharon Kotler, aliyeanzisha chuo cha Lakewood, New Jersey, mwaka 1943, na wengine waliosimamisha tena masomo ya Torati baada ya Wanazi kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya.

Bega kwa bega

Ukitukanwa, njia ya kwanza inakutaka usiumie, na ikiwezekana ufurahi. Ya pili inakutaka usikasirike tu. Kuumia si dhambi, na unaruhusiwa kujua kwamba umetukanwa.

Kwenye sifa ndipo ninapoona tofauti kubwa zaidi. Novardok wanaikimbia sifa kama moto. Slabodka wanaipokea kama deni: umeambiwa una akili, haya, wako wapi uliowafundisha? Katikati yao yupo Moshe Chaim Luzzatto, mzaliwa wa Padua mwaka 1707, ambaye kitabu chake cha maadili, Mesillat Yesharim (Njia ya Wanyofu), kilichapishwa Amsterdam mwaka 1740. Anasema mwenye elimu akijivuna ni kama ndege anayejivunia kuruka, au ng'ombe dume anayejivunia kuvuta. Wanafanya walivyoumbiwa. Sijapata mfano unaonipoza haraka kuliko huo ninapomaliza kipindi kizuri darasani na kuanza kutembea kwa maringo ukumbini.

Luzzatto pia anamfichua mtu ambaye njia zote mbili zinamwogopa: yule mwenye kiburi kiasi cha kutaka ajulikane kwa unyenyekevu. Huyu hukaa kiti cha nyuma ili aje kuitwa mbele. Ukweli ni kwamba njia ya kujivunja inamzalisha kwa wingi zaidi, kwa sababu matambara yanaonekana. Suti safi haimpi mtu sifa ya utakatifu.

Kwenye kubishana, mfano haupatikani ulio bora kuliko wa nyumba ya Hillel. Talmudi, Eruvin 13b, inasema wafuasi wa Shammai, mwalimu wa zama za Hillel, na wafuasi wa Hillel walibishana miaka mitatu, mpaka sauti ikatoka mbinguni: maneno ya hawa na ya hawa ni maneno ya Mungu aliye hai, ila sheria ifuate nyumba ya Hillel. Kwa nini? Kwa kuwa walikuwa wapole na wavumilivu wa kudharauliwa, walifundisha hoja zao na za wapinzani wao, na hata zaidi, walitanguliza za wapinzani. Lakini hawakuacha kubishana katika miaka ile mitatu. Jambo hilo tutalihitaji hivi punde.

Wapo waliojaribu kuzibeba njia zote mbili. Simcha Bunim wa Przysucha, Poland, aliyefariki mwaka 1827, ananukuliwa akisema kila mtu awe na mifuko miwili, na katika kila mfuko karatasi. Moja: "Kwa ajili yangu uliumbwa ulimwengu," maneno ya Mishna, Sanhedrin 4:5. Nyingine ni ya Ibrahimu, Mwanzo 18:27: "mimi ni mavumbi na majivu tu." Ni shauri zuri, na linapendwa sana. Ugumu wake ni kwamba sisi huingiza mkono mfuko tunaoupenda. Aliyezoea kujidharau atasoma mavumbi kila siku, na bosi atasoma ulimwengu.

Palipo na hatari

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo kiini cha uchaguzi kilipo.

Talmudi, Gittin 55b hadi 56a, inaeleza jinsi Yerusalemu ulivyoangamia. Myahudi mmoja, Bar Kamtza, aliaibishwa kwenye karamu na kufukuzwa, marabi wamekaa wanatazama na hakuna aliyesema neno. Kwa uchungu akaenda kuwashitaki Wayahudi kwa Kaisari: wanaasi, peleka sadaka uone kama wataitoa. Kaisari akatuma ndama. Njiani Bar Kamtza akamtia kilema kwenye mdomo wa juu, wengine husema kwenye jicho, mahali ambapo kwa Wayahudi ni kasoro na kwa Warumi si kitu. Marabi wakataka wamtoe hivyohivyo kwa ajili ya amani na serikali. Rabi Zekaria ben Avkolas akasema: watu watasema wanyama wenye kasoro wanaruhusiwa madhabahuni. Wakafikiria kumuua Bar Kamtza asije akapeleka habari. Zekaria akasema: watu watasema anayetia kasoro sadaka huuawa. Basi hawakufanya lolote. Mwaka 70 Hekalu liliteketea. Rabi Yochanan hakumlaumu Kaisari peke yake. Alisema unyenyekevu wa Rabi Zekaria ben Avkolas ndio ulioiharibu nyumba yetu, ukaliteketeza Hekalu letu, ukatuhamisha kutoka nchi yetu.

Unyenyekevu! Talmudi ileile inayousifu unyenyekevu kila ukurasa inautaja hapa kama moto uliochoma Hekalu. Zekaria alijiona mdogo mno kukata shauri zito, akawaza watu watasemaje, na nchi ikapotea.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Miaka ya nyuma nilikuwa mwalimu mgeni katika kamati ya nidhamu ya shule moja. Kijana wa kidato cha tatu aliletwa kwa tuhuma ya kuiba simu ya mwalimu saa ya mapumziko. Saa hiyohiyo kijana yule alikuwa maktaba, ananisaidia kupanga vitabu. Nilikumbuka vizuri kwa sababu alidondosha kamusi na tukacheka. Nikaangalia meza. Walikaa watu wenye miaka ishirini kazini. Nikajiambia: mimi nani? Pengine nimekosea saa. Wakubwa wamelichunguza. Kikao hakikuchukua hata nusu saa, na kijana akafukuzwa. Nilitoka mle ndani nikijiona mnyenyekevu.

Kumbe kuna aliyekwisha kuitaja hali yangu kwa jina. Bahya ibn Paquda wa Zaragoza, katika karne ya 11, aliandika kwa Kiarabu kitabu ambacho jina lake mzungumzaji wa Kiswahili analisikia bila mkalimani: Al-Hidaya ila Fara'id al-Qulub, hidaya ya kuziendea faradhi za nyoyo. Lango lake la sita ni la unyenyekevu, na humo anautenga mafungu matatu. Upo ambao mwanadamu anashirikiana na wanyama: kuvumilia madhara kwa udhaifu wa nafsi. Upo wa mateka au mdaiwa mbele ya aliyemshika. Na upo ule wa mbele za Muumba, ambao ndio unaopasa kila mtu na kila wakati. Lugha yetu ina neno la fungu la kwanza: unyonge. Na la pili tuna methali, mtaka cha mvunguni sharti ainame, akishakipata husimama. Mimi katika kile kikao nilikuwa kwenye fungu la kwanza, nimelivisha jina la fungu la tatu.

Basi nani achague ipi

Rambam mwenyewe, ambaye ndiye wa njia kali, anatoa ufunguo katika De'ot 2:1–2. Anasema wenye tabia mbovu ni wagonjwa wa nafsi, na waende kwa wenye hekima ambao ni matabibu wa nafsi. Mwenye kiburi aelekezwe kuvumilia kudharauliwa kwingi, akae chini ya wote, avae matambara yanayomwaibisha avaaye, mpaka kiburi kimng'oke moyoni. Kisha arudi njia ya katikati, ambayo ndiyo njema. Ni tabibu anayeandika dozi. Dozi inategemea mgonjwa, na dozi ina mwisho.

Kwa kipimo hicho, mwenye cheo, mhubiri anayepigiwa vigelegele, msomi ambaye kila akiingia watu husimama, achukue njia ya kwanza, na asiilegeze. Asiende duka la dawa kuomba misumari ikiwa atakuja kuisimulia. Afanye kazi isiyo na jina, afagie pale ambapo hakuna anayemtambua. Hata ile hofu ya watu watasemaje, inayowafunga vijana wengi siku hizi, Novardok wana dawa yake kuliko wote.

Aliyekulia kwenye maneno ya "wewe huna maana," mke aliyezoeshwa kunyamaza, mfanyakazi wa ndani, kijana anayeomba radhi kabla hajauliza swali: hao wasiiguse njia ya kwanza. Nasema hivyo kwa msisitizo, kwa sababu ndio wanaoikimbilia. Inafanana na wanachokijua. Waanze Slabodka, waanze na Hillel anayekwenda kuoga. Mishna, Avot 2:13, inakataza wazi: usiwe mwovu machoni pako mwenyewe.

Aliye katikati, na wengi tuko huko, na asome Bahya kwanza kama anatoka kwenye malezi ya Kiislamu, maana atakuta nyumba yenye milango anayoifahamu. Kama anatoka kwenye malezi ya Kikristo, aanze na Luzzatto, ambaye hupanda ngazi kwa ngazi. Mwenye kutaka ratiba atapenda Cheshbon HaNefesh (Hesabu ya Nafsi), kitabu cha Menachem Mendel Lefin, cha mwaka 1808: tabia 13, kila moja wiki moja, kisha unarudi mwanzo, hivyo kila tabia inakupitia mara nne kwa mwaka. Lefin aliichukua mbinu hiyo kwa Benjamin Franklin, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Mimi naegemea njia ya pili, na sababu yangu ni kile kikao. Lakini sikuanza na Slabodka. Nilianza na barua.

Ramban, yaani Moshe ben Nachman wa Girona (asichanganywe na Rambam, herufi moja inawatenga), alilazimika kuiacha Hispania baada ya kuitetea dini yake mbele ya mfalme huko Barcelona mwaka 1263. Mtu aliyesimama mbele ya mfalme na mapadri akabishana hadharani siku kadhaa ndiye aliyemwandikia mwanawe barua ya unyenyekevu. Ni fupi, inasomeka kabla chai haijapoa, na yeye mwenyewe aliagiza isomwe mara moja kwa wiki. Sema maneno yako yote kwa utulivu, na kila mtu, na kila wakati. Macho yako yatazame chini na moyo wako juu. Kila mtu awe mkubwa kwako machoni pako: akiwa na hekima au mali, kumheshimu kunakupasa, akiwa maskini kuliko wewe au umemzidi elimu, fikiri moyoni kwamba wewe una hatia kubwa zaidi, kwa sababu yeye akikosa hukosa bila kujua, na wewe unajua.

Angalia jinsi inavyozikutanisha njia mbili. Inakushusha, ndiyo, lakini inakushusha kwa kukukumbusha kwamba unajua. Elimu yako haikanushwi. Inageuzwa kuwa mzigo begani. Kijana yule alikuwa hajui kilichokuwa kikiendelea mezani. Mimi nilijua.

Naisoma Ijumaa jioni, kwa kuwa ndiyo saa aliyokuwa akioga Hillel. Wiki mbili za kwanza nilivutiwa na macho chini na moyo juu. Wiki ya tatu nikakwama kwenye agizo jingine: uinukapo kutoka kitabuni, tafuta katika ulichojifunza kama kuna jambo unaloweza kulitimiza. Nikakaa na karatasi mkononi. Kisha nikatafuta namba ya mama yake yule kijana kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, nikapiga.

"Shikamoo, mama," nikasema, na nikajitambulisha. "Siku ile mwanao alikuwa maktaba na mimi. Nilijua, na sikusema."

Kimya kilikuwa kirefu. Nikasikia akisogeza kiti.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Ngoja nimwite, yupo hapa nje."